Mpira unafia mbele ya ringi

SWALI: Mimi ni gadi (mchezaji wa nyuma) wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo, Tunguu. Robo ya nne mitupo yangu ya pointi tatu haifiki. Nifanyeje kabla ya msimu ujao?

JIBU: Tatizo si mkono, ni miguu: magoti yakichoka hayakunjiki, mpira unakosa nguvu. Usianzie mita 6.75, kwenye mstari wa pointi tatu. Simama mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, tupa kwa mkono mmoja hadi uingize 25, kiwiko kikiwa chini ya mpira. Ndipo urudi nyuma hatua moja moja. Mwisho kimbia uwanja mzima mara mbili, kisha tupa 10 ukiwa bado unahema. Iliyoingia iandike daftarini. Uwanja wa wazi, upepo wa kusi ukivuma, usiuamini: utarekebisha mkono usio na kosa. Nenda alfajiri, upepo ukiwa umetulia.