Wadogo zangu wa chati, ipumzisheni hiyo "myself"

Nimepewa chati za kundi jipya, yaani mazungumzo yenu ya maandishi na wateja wetu wa Uingereza, nizipitie kabla ya kikao cha ubora. Sikufika mbali, nikaweka kikombe cha chai chini. Karibu nyote mmemwandikia mteja "kindly send the photo to myself". Utadhani mlifundishwa na mwalimu mmoja, dawati moja. Nawapenda, mnafika kazini mapema kuliko sisi tulivyokuwa tukifika, lakini leo nitawasema.

Kiingereza chenu si kibaya. Tatizo ni ile "ji" mliyokuja nayo kutoka nyumbani. "Ji" yetu haina makuu: nimejikata, umejikata, wamejikata, mlango umejifunga. Ni hiyo hiyo kwa mtu, mnyama na kitasa. Kiingereza kina nane za kawaida, kuanzia "myself" hadi "themselves", na kila moja ina mwenyewe. Kibaya zaidi, hazikai pale "ji" inapokaa.

1. "Myself" haina heshima kuliko "me". Najua mnaitumia mkidhani ni adabu. "Myself" inataka "I" iwe imetangulia katika kauli hiyo hiyo: "I blamed myself", mlaumu ni mimi na mlaumiwa ni mimi. Kwenye "send it to myself", anayetuma ni mteja. Wewe unapokea tu, kwa hiyo ni "me". Waingereza wenyewe wa maofisini huteleza hapa. Mteja akikuandikia hivyo, usimrekebishe na usimwige. Ile "Myself I think" tunayofungulia mazungumzo hapa Nairobi iachieni saa ya chakula.

2. Vitenzi vyetu vyenye "ji" ambavyo kwao havina kitu. Kujiunga ni "join" tu. Kujifunza, "learn". Kujiandikisha, "register". Nimekuta mtu amemwalika mteja "to join yourself to our newsletter", nikabaki nikiwaza ataunganishwa na gundi gani. Kuhusu aliyeuliza "How are you feeling yourself today?", sitaeleza hapa. Muulize mtu mzima, nje ya ofisi, kwa sauti ya chini.

Na kujiuzulu muichunge. "The manager resigned" maana yake ameacha kazi. Ukiandika "resigned himself", msomaji anangoja uendelee, kwa sababu "to resign oneself to" jambo ni kukubali yaishe. Meneja aliyeondoka na meneja aliyekubali yaishe akabaki ni watu wawili tofauti, na hapa kwetu tumewahi kuwa nao wote wawili.

3. Kuoga, kunyoa na kuvaa: "I washed, shaved and dressed", basi. "Self" inaingia pale ambapo kujifanyia lenyewe ndiyo habari. Juzi mteja aliandika kwamba mama yake alivunjika mkono, na tangu wamnunulie gauni letu la vifungo vya mbele, "Mum can finally dress herself again". Kijana wetu akajibu, "We are happy that she dressed." Yaani mama wa watu amerudi kuvaa bila kushikwa mkono, na sisi tunampongeza kwa kutotembea uchi! Hiyo "herself" ndiyo iliyobeba furaha yote ya ile chati, na ilipitwa kama abiria wa stejini wakati matatu imejaa.

4. "Suit yourself." Hapa nivute kiti.

Nilikuwa mgeni kama nyinyi. Ilikuwa saa 4 usiku hapa, saa 1 jioni kule Uingereza kwa kuwa ni majira yao ya baridi, wakati ambao watu wametoka kazini na hasira zao wamekuja nazo. Akaingia mama mmoja, birika lake la umeme limefika limepasuka. Makro, yale majibu yaliyoandikwa tayari, zilikuwa mbili: arudishiwe pesa au atumiwe lingine. Nikampa zote. Akaanza kunieleza. Lingine likichelewa itakuwaje, ana wageni Jumamosi. Labda achukue pesa anunue dukani. Lakini lile la kwetu rangi yake inaoana na jiko. Labda asubiri. Au asisubiri.

Pembeni nina chati nyingine mbili zinawaka nyekundu. Nikatafuta kichwani Kiingereza cha "chagua upendavyo, mama, sisi tuko tayari kwa lolote". "Suit" naijua: the colour suits you, the time suits you. "Yourself" naijua. Nikaziunganisha kwa kiburi cha mtu aliyepata A ya Kiingereza kwenye KCSE: "Suit yourself." Na nukta nikaweka.

Zile alama za kuonyesha anaandika zikatokea, zikapotea, zikatokea tena. Kisha: "I beg your pardon?"

Sasa, mafunzoni tuliambiwa kwamba mteja asiyeelewa hurudiwa kwa upole. Nikarudia kwa upole: "Suit yourself, madam." Nikamwekea na kiuso cha tabasamu.

Ukiipima neno kwa neno, sikumkosea: fanya linalokufaa. Ila Mwingereza huyatoa maneno hayo akiwa keshachoka nawe, amekushauri umekataa, na sasa anageuka aende zake. Hiyo si "upendavyo". Hiyo ni "shauri yako". Nilimwambia mama wa watu, mwenye birika lililopasuka na wageni njiani, "shauri yako". Aliposhtuka nikamrudishia, safari hii nikicheka.

Nyota moja. Watu wa QA, wakaguzi wa ubora, wakaichapisha ile chati ikawa somo, jina langu limepakwa wino mweusi, lakini ukumbi mzima ulijua ni nani pekee anayeacha nafasi mbili baada ya nukta. Nilingoja timu lida anifokee. Hakufoka. Aliniuliza, "Ungekuwa unaongea na mama yako, ungemwambiaje?" Nikasema, vyovyote utakavyo, mama. "Basi andika 'whichever you prefer'. Rudi kazini." Kurudi kwenyewe nilirudishwa kwenye barua pepe, ambako angalau mtu hupata nafasi ya kufikiri kabla ya kumtukana mteja.

Misemo ya aina hiyo ina ndugu zake. "Help yourself" ni karibu, na kila aliyewahi kusimama kwenye foleni ya chakula cha harusi anajua kwa nini hatusemi "jisaidie" mbele ya pilau. "Behave yourself" huambiwa mtoto. "Enjoy yourself" ni sawa, "enjoy the kettle" ni sawa, lakini "Did you enjoy?" iliyoachwa ikining'inia ni ya kwetu nyumbani. "Knock yourself out" msiiguse kabisa.

5. "I will avail myself tomorrow" ni Kiingereza cha mikutano ya mtaani, na hapa tunaelewana vizuri tu. Kwa mteja wa kule, "avail yourself of" ni kutumia nafasi au huduma: "you may avail yourself of the discount". Kama unamaanisha utakuwepo, andika "I'll be available".

6. Baada ya neno la mahali au la kuandamana, "self" kwa kawaida hupumzika: "Do you have the receipt with you?" na si "with yourself".

7. Jina la Alex halikwambii ni "himself" au "herself", na Kiswahili hakijakuzoesha kujali. Usikisie. Tumia "you".

8. Mashine kujifanyia mambo. "Simu imejizima" inavuka salama: "The phone switched itself off." Kiingereza hakina ubishi na mashine. Ila naona mmeanza kuigeuza kuwa maficho. Stoo ikikosea, "your order cancelled itself". Malipo yakipotea, "the payment reversed itself". Kwa Kiswahili tunapita hapo bila kuulizwa, oda imejifuta, bahati mbaya, maisha yaendelee. Mteja wa kule anajua oda haina mikono. Andika "was cancelled", na kama tiketi, ile rekodi ya shida ya mteja, inaonyesha aliyeifuta ni sisi, andika "we cancelled it by mistake". Usiku wa kuamkia leo mmoja wa wateja hao alijibu, "What a clever order."

Kijana wetu akamshukuru.