Wadogo zangu mnaoenda kambi ya masomo vakansi hii

Mwezi wa saba, likizo ikifika hapa Bukavu, Kongo, watoto wananiuliza kambi ya masomo ikoje, ni darasa tu bila yuniformu ama ni kitu kingine, basi acha niwaelezee siku yangu moja. Nilikuwa na miaka 16, niko sayansi, tulilala wiki mbili kwenye shule moja ya Ibanda, hapa hapa mjini.

Kengele saa kumi na mbili asubuhi. Beba triko, yaani sweta, jamani, kiangazi kinadanganya, mchana jua na vumbi lakini asubuhi baridi ya ziwani inaingia mpaka kwenye mifupa. Chai na mandazi, saa mbili hesabu, saa nne fizikia, na hiyo fizikia ndiyo sijaisahau mpaka leo.

Prof alikuja na imbabura, yaani jiko la makala, na makala yake, sufuria ya maji na temometa. Kabla ya kuwasha akasema kila mtu aandike maji yatachemka kwenye digri ngapi, wote tukaandika 100, si ndivyo kitabu kinasema. Mimi nikatumwa kusoma temometa. Maji yakatoa vipovu vidogo, halafu yakachemka kabisa, temometa ikasimama 95, wakaongeza makala, wakapuliza, bado 95. Nikaandika 95 kwenye kaye, yaani daftari, nikaangalia kaye za wenzangu, nikachukua kifutio nikafuta, nikaandika 100. Kumbe prof yuko nyuma yangu. Hakunigombeza, aliniuliza tu polepole, "Mama, macho yako yamekukosea nini?"

Ile 100 ni ya usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu, hewa ya huku inakandamiza maji kidogo kuliko ya pwani, na kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka kwenye karibu digri moja chini. Ndiyo maana maharage ya hapa yanakawia kuiva, na nyumbani miaka yote tulikuwa tunalaumu makala!

Kwa hiyo ukienda kule andika unachokiona, hata kama darasa zima limeandika kingine, halafu uliza. Walimu wa vakansi wana muda wa kukusikiliza, hakuna pointi za buletini, ile ripoti ya shule, hakuna wanafunzi 60 kwenye darasa moja, muda kama huo mwezi wa kenda hautaupata.

Mchana tunakula bugali, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), kisha mpira. Usiku ni etidi, kila mtu anajisomea, na umeme unakatika, beba tochi. Beba pia kaye mbili, moja ya kunakili tablo, yaani ubao, nyingine ya pale ulipokwama. Sasa hivi mimi ni msimamizi, na vakansi iliyopita kijana mmoja alinionyesha kaye safi sana, mistari imepigwa na rula, nikafunika jibu nikamwambia haya rudia zoezi hili, akakaa kimya akaniambia yaya, yaani dada, mimi nilinakili tu. Tulianza upya sisi wawili mpaka saa tatu, na alipokwama tulipaandika kwenye ile kaye ya pili.

Na nyinyi wazazi mkipiga simu msiulize mtoto amekuwa wa ngapi. Mama yangu jioni ile aliniuliza tu, leo umeona nini, nikamweleza mambo ya maharage yake mpaka inite za simu zikaisha.