Jimbo limekataa hoja ya Katiba, kesi imerudi chini: Washington sasa au baadaye?

Mkuu, umesema mahakama ya juu ya jimbo imetupa hoja ya Katiba ya ndugu yako na kurudisha kesi chini isikilizwe, na unauliza kama anaweza kwenda Mahakama ya Juu ya Marekani, huko Washington, sasa hivi. Nimekuwa karani kwenye ofisi ya mawakili huku Ohio kwa miaka, na swali hili linakuja mara kwa mara. Mara nyingi jibu ni bado.

Kifungu cha 1257 cha sheria za shirikisho kinataka hukumu ya mwisho, tena ya mahakama ya juu kabisa ambayo jimbo linakuruhusu kufika. Hii inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani: mwaka 1960 kesi ya Thompson ilitoka mahakama ya polisi ya Louisville moja kwa moja hadi Washington, maana faini zake za dola 10 hazikuweza kukatiwa rufaa popote Kentucky. Akashinda.

Kinachosumbua ni huo "mwisho". Kwenye Cox Broadcasting dhidi ya Cohn, 1975, kesi ya Georgia ilikuwa bado irudi kusikilizwa, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipokea na kupanga hali nne ambazo uamuzi huhesabiwa wa mwisho ingawa kesi bado inaendelea. Mawakili wengi hukimbilia ya nne: hoja ya shirikisho (kama hiyo ya Katiba ya Marekani) imeshaamuliwa, ukishinda Washington kesi inaishia hapo, na kuchelewa kutaumiza sera ya shirikisho. Cox ilihusu uhuru wa vyombo vya habari, ndiyo maana ilipita. Usitegemee kila dai lipite hapo. Mwaka 1997, kesi ya Jefferson dhidi ya mji wa Tarrant, Alabama, iliondolewa hata baada ya kupokelewa, kwa kuwa madai mengine yalikuwa bado hayajaamuliwa.

Lakini asikate tamaa. Jefferson hiyo hiyo inasema hoja haipotei: kesi ikiisha kabisa jimboni, Washington inaweza kuiangalia, hata kama mahakama za jimbo zimejifunga na uamuzi wao wa awali.

Ikishakuwa ya mwisho, ana siku 90, zinazohesabiwa tangu hukumu au tangu ombi la kusikilizwa upya likataliwe. Nimeona watu wakisubiri jalada lirudi chini huku siku zinayoyoma, na inauma sana.

Tuwekee hapa aya ya mwisho ya uamuzi, bila majina. Imeagiza nini kifanyike huko chini?