Maswali ya Wasomaji: Hiace ya kulala safarini, dizeli au petroli?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mzee wangu tunataka kununua Hiace tuitengeneze iwe ya kulala, kitanda nyuma, jiko dogo la gesi na tanki la maji, basi. Tukiwa hapa Jinja itakuwa inaenda sokoni na kanisani, halafu likizo za shule tunatoka nayo, Kisoro, Murchison, na Kidepo Mungu akipenda. Kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa nje, tumeona mbili, moja petroli 2.7 na nyingine dizeli 3.0 yenye tabo. Kila mtu anatwambia dizeli ndiyo gari, petroli itatufilisi. Tuchukue ipi?
Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwalimu, kwa matumizi hayo uliyoyaandika mimi ningechukua petroli.

Dizeli ina sifa zake na ni za kweli. Hiyo 3.0 inatoa nguvu ya kuvuta kama Nm 300 kabla hata injini haijafika mizunguko 2,500 kwa dakika, wakati petroli 2.7 inaishia kama 240 na mpaka uikanyage karibu 4,000 ndiyo uipate. Halafu kuna milima. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, na Kabale iko karibu mita 2,000, kwa hiyo mkitoka pale kupanda kwenda Kisoro mkiwa na maji na kitanda na mizigo, petroli mtaisikia inalalamika na mtashuka gia mara nyingi. Lakini mtafika. Nyinyi mko likizo, hamkimbizani na makamunye, zile teksi za abiria.

Sasa hiyo ya kufilisika, hebu tupige hesabu. Tuseme petroli inakunywa lita 13 kwa kilomita 100 na dizeli lita 10, na kwa mwaka mnatembea kilomita 5,000. Tofauti ni lita 150, na lita ikiwa shilingi 5,000 hiyo ni 750,000 kwa mwaka mzima. Ukiwa na hiyo hesabu mkononi nenda Kisekka, soko la spea pale Kampala, uulize bei ya injekta nne za hiyo dizeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, uulize na pampu, halafu uangalie na bondi wanaongeza ngapi kwa sababu tu ni dizeli. Anayepiga Kampala–Gulu kila siku hela yake itarudi haraka, ila gari linalolala wiki nzima nyumbani halirudishi.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo watu hawaambiwi. Dizeli za kisasa haziko kama zile za zamani zilizokuwa zinakunywa chochote. Hii inasukuma mafuta kwenye injekta kwa presha ya zaidi ya bar 1,000, vitundu vyake ni vidogo mno, na mafuta yenyewe ndiyo yanayolainisha pampu, kwa hiyo mtu akikuchanganyia mafuta ya taa au kukiwa na maji kwenye tanki la stesheni, unaua vitu vya bei mbaya. Nyingi zilizotoka Japani zina pia chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo linahitaji moto wa karibu digrii 600 kujisafisha, na moto huo unapatikana ukiendesha mwendo mrefu, siyo nyumbani–sokoni–nyumbani. Mkiitumia hivyo masizi yatajaa, taa itawaka, na makanika wa kwanza atakwambia tulitoboe hilo chujio. Msikubali, moshi huo utawaingia watoto wa wenzenu.

Petroli inavumilia zaidi. Tena huko vijijini ambako stesheni hakuna, petroli ya bodaboda haikosekani, ingawa ya chupa mimi ningeichuja kwanza, na mkienda Kidepo jazeni tenki Kitgum.

Kama mzee ameshaipenda dizeli na hashikiki, basi iwasheni asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, msikubali muikute imeshapashwa moto. Ikigonga kwa nguvu au ikitoa moshi mweupe unaochelewa kuisha, ondokeni. Muulizeni pia makanika kama washa za shaba za chini ya injekta zimewahi kubadilishwa, kwa sababu zikivuja moshi unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la chini ya injini, na injini inakwama kwa kukosa oili. Ugonjwa huo kwenye 3.0 hii unajulikana.

SWALI: Na gesi ya kupikia ndani ya gari la petroli, siyo hatari?
Mwalimu huyohuyo

JIBU: Kwa usalama dizeli inashinda kidogo, petroli inatoa mvuke unaoshika moto haraka, kwa hiyo jerikeni la akiba lisikae ndani hata siku moja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, basi fundi atoboe tundu la hewa kwenye sakafu pale mtungi unapokaa, na valvu mfunge kabla ya kulala. Na msilale injini ikiwaka hata kama Kabale baridi inauma vipi, moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi nyingi kuliko wa dizeli, haina harufu na inaua mtu usingizini. Nunueni blanketi nzito mbili.