Shangazi, ninunue wapi: Mombasa, Zanzibar au Dubai?

SWALI

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni mjane wa miaka 52, naishi Bombo, na nina duka la leso na vitenge Kikuubo, Kampala. Kwa miaka 14 nimekuwa nikienda Mombasa mara nne kwa mwaka kuchukua mzigo Biashara Street, na binti yangu wa kwanza ameolewa Likoni. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 120 za Uganda. Nataka nyumba nje ya nchi ili nikichoka na biashara nikae karibu na wajukuu, na kabla ya hapo nipangishe vyumba. Kaka yangu aliye Dubai ananihimiza nichukue fleti huko, nilipe kidogo kidogo. Rafiki yangu anasema Zanzibar ndiko rahisi. Mkwe wangu naye amenitafutia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita mtaa wa Majengo, Mombasa, kwa shilingi milioni 3 na nusu za Kenya. Anasema kwa kuwa mimi si Mkenya tuiandikishe kwa jina lake. Nimeiona nyumba, kuta ni nzima na mabati ni mapya. Nifuate lipi?
Mama Leso, Bombo

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza kuta, umenieleza mabati, umenieleza bei. Ardhi hukuitaja hata mara moja. Hicho kiwanja ni cha nani?

Nakuuliza kwa sababu mwaka 2006 mimi na marehemu mume wangu tulinunua nyumba kama hiyo hiyo Mombasa, kwa kiinua mgongo chake. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma ua wenye jiko na choo. Nilizunguka nikigonga kila ukuta kwa vidole. Karatasi ya mauziano iliandikwa wazi, "nyumba bila kiwanja", nami nikaisoma kwa Kiswahili changu cha Kampala. Kwetu kiwanja ni pale watoto wanapochezea mpira. Nikamwambia mume wangu, nyumba haina uwanja, lakini si neno, watoto wetu wameshakua. Kumbe kwa watu wa Mombasa kiwanja ndiyo ardhi yenyewe iliyoibeba nyumba. Tulikuwa tumenunua kuta, milango na mabati, basi.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuja mzee mmoja mpole, ana kitabu cha risiti na karatasi ya kaboni, akaketi barazani akadai kodi ya kiwanja. Mume wangu alidhani ni tapeli. Majirani ndio waliotueleza kwamba mtaa mzima unalipa, baba zao walilipa na babu zao walilipa. Tukalipa miaka saba. Mzee alipofariki, warithi wake wakaiuza ardhi, na mwenye ardhi mpya akatupa notisi ya miezi mitatu tuondoe vilivyo vyetu. Tulichoweza kuondoa ni mabati na milango minne. Mlango mmoja ndio wa chumba changu hapa Kawempe, bado una namba 4 ya rangi nyeupe tuliyoiandika kwa ajili ya wapangaji.

Wewe ni mtu wa Bombo, kibanja unakijua. Unajua kwamba juu ya ardhi ya mailo, ile ya watu binafsi huku Buganda, mtu anaweza kuwa na nyumba na migomba yake huku ardhi ikiwa ya mwingine, na mwenye nyumba anamlipa mwenye ardhi busuulu, kodi ya kila mwaka. Basi ya Mombasa inafanana na hiyo kwa sura, ila tofauti yake ni kubwa. Mwenye kibanja halali huku kwetu analindwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, hafukuzwi hivi hivi. Mwenye nyumba bila kiwanja kule anakaa kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Sisemi kila nyumba ya Majengo iko hivyo, zipo zenye hati zao safi. Nasema uliza, na uulize kwa maneno haya haya: "Nauziwa nyumba na kiwanja, au nyumba peke yake?" Muuzaji wa Mombasa atakuelewa papo hapo.

Sasa jina la mkwe. Mkwe wako huenda ni mtu mwema na simdhanii ubaya. Lakini sababu aliyokupa haipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa jina lake mwenyewe, kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Hata kama muuzaji ana hati ya umiliki usio na kikomo, ikifika mikononi mwako sheria inaihesabu kuwa ya miaka 99. Una miaka 52. Miaka 99 itakutosha wewe na binti yako, na wajukuu watakuwa wazee. Unachohitaji ni pasipoti yako, namba ya mlipa kodi ya Kenya, na wakili wako mwenyewe ambaye si wa muuzaji wala si wa mkwe. Nyumba ikiandikwa jina la mkwe ni ya mkwe. Akikopa benki, inaweza kuwa rehani. Akifariki, inaingia katika mirathi yake, nawe utasimama mlangoni ukieleza kwa mdomo kwamba pesa zilikuwa zako za leso. Akiachana na binti yako, Mungu apishe mbali, utaanzia wapi?

Watu wengi hapa wanaamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshamaliza mambo haya. Ni kweli kwamba tangu 2014 tunavuka Busia na Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2010, kifungu cha 15, iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Kwa ardhi ya Kenya wewe ni mgeni, sawa na Mzungu. Na Mkenya akija kwetu naye anapata ukodishaji tu. Ndiyo maana shamba la kilimo Kilifi au Kwale, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, usiliguse: asiye raia hapewi kibali na bodi ya udhibiti wa ardhi.

Zanzibar ni pazuri, moyo wangu uko huko pia, lakini rahisi si neno langu. Ardhi huko ni ya serikali na mgeni haimiliki. Kilichofunguliwa kwa wageni ni fleti na nyumba ndani ya miradi iliyoidhinishwa, kwa ukodishaji wa muda mrefu, na bei zake zimepangwa kwa watu wa dola. Nje ya miradi hiyo utaambiwa utafute "mwenyeji" wa kukushikia. Hapo tumerudi kwenye habari ya mkwe, tena mkwe usiyemjua.

Dubai nitaipita upesi. Milioni zako 120 ni kama dola elfu 32 hivi. Hizo ni malipo ya mwanzo tu. Yanayofuata utayalipa kwa dirham, na dirham imefungwa na dola kwa 3.6725, haishuki shilingi yetu inaposhuka. Wewe unauza leso kwa shilingi. Ongeza ada ya kuhamisha umiliki ya asilimia 4, na gharama za huduma za jengo kila mwaka, zinazopigwa kwa ukubwa wa fleti hata ikikaa tupu. Kaka yako yuko pale, anaweza kulala humo na kugombana na fundi. Wewe utaiona kwenye simu. Mwambie anunue yeye, umwombee heri.

Kwa hiyo mimi nakuelekeza Mombasa, ila si kwa nyumba hiyo mpaka ujue kiwanja chake. Miaka 14 umekanyaga mji ule. Unajua bei ya vyumba, unajua nani anaheshimiwa mtaani, binti yako yuko upande wa pili wa feri, na bomba likipasuka unapanda basi jioni Kampala. Hiyo ni mali ambayo dalali hawezi kukuuzia.

Tafuta nyumba ndogo au fleti yenye hati inayoonyesha ardhi. Wakili afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi, na matokeo uyaone wewe kwa macho yako: jina la mwenyewe, kama kuna deni la benki au zuio la mahakama, na miaka iliyobaki. Hili la miaka watu hulisahau. Ukodishaji wa miaka 99 ulioanza 1970 unaisha 2069, kwa hiyo hununui 99, unanunua iliyobaki. Kwa fleti, uliza kama ina hati yake yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, au kama jengo zima bado liko kwenye hati moja ya mjenzi.

Pesa usizimalize kwenye bei. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4. Kwa milioni 3 na nusu hiyo ni shilingi 140,000 za Kenya, kabla ya wakili. Na kodi za wapangaji: mwenye nyumba asiyeishi Kenya anakatwa asilimia 30. Chumba cha shilingi 5,000 kinakuachia 3,500. Fanya hesabu zako kwa hiyo 3,500.

Kabla ya yote, nenda ukalale mtaa huo mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea, uone maji ya mvua yanapita wapi. Onja maji ya kisima, kwani mengi ya pwani yana chumvi, na hesabu mikokoteni ya mitungi inayopita asubuhi, ujue wapangaji wako watanunua maji kwa kiasi gani.

Safari yako ijayo ya mzigo, mwombe muuzaji wa Majengo nakala ya hati. Akikupa, ipeleke kwa wakili kesho yake. Akikwambia "hati itatafutwa", au akikuonyesha kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, nunua leso zako urudi Bombo, kisha uniandikie.