Vichwa viwili, namba moja: kwa nini treni zako zinaondoka pamoja

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Kaka yangu anayeishi Hamburg aliniletea vichwa viwili vya treni za modeli, saizi ya HO, pamoja na reli za kujaza meza ya mita mbili na nusu. Vidhibiti vya dukani vilinishinda bei, nikaunda changu: Arduino Mega (kompyuta ndogo ya bodi moja), bodi ya kuendeshea mota inayokaa juu yake, kipande cha Wi-Fi, na programu ya bure ya DCC-EX. Naendesha kwa simu. Kichwa kimoja kikiwa peke yake mezani kinatii vizuri. Nikiweka cha pili, vyote vinaondoka pamoja na kusimama pamoja kama mapacha. Nimejaribu kusoma namba zao, jibu ni -1. Adapta ni ya laptop, volti 19. Halafu kuna jingine: nilipokunja reli ili treni izunguke na kurudi ilikotoka, umeme ulikatika palepale. Nimekosea wapi kwenye waya?

JIBU: Marahaba. Kwenye waya hujakosea sana. Zipo sehemu mbili za kurekebisha, adapta na ule mkunjo, na nitazifikia. Mapacha wako hawatokani na waya. Vichwa vyote viwili vina namba moja, na karibu hakika namba hiyo ni 3.

Dikoda, yaani kile kibao kidogo cha elektroniki ndani ya kichwa cha treni, hutoka kiwandani ikiwa na namba 3. Kiwango cha DCC, yaani mfumo wa kuziamuru treni kwa ujumbe wa kidijitali unaopita kwenye reli, ndicho kinachosema hivyo, iwe dikoda imetengenezwa Ujerumani, Austria au Marekani. Kiwango hicho kilianzia kwenye kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha NMRA, chama cha wanamodeli wa reli cha Marekani, kikakifanya kuwa cha wote miaka ya 1990. Ndiyo maana kichwa kilichonunuliwa Hamburg na kidhibiti ulichounda mwenyewe Tanga vinaelewana bila mkalimani.

Kwenye treni za modeli za zamani, umeme wa reli ndio mwendo wenyewe: ukiongeza volti treni inakimbia, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma, na kila kilicho juu ya reli kinakwenda. Kwenye DCC reli ina umeme kamili muda wote, hata treni zikiwa zimesimama. Umeme huo hupinduka maelfu ya mara kwa sekunde, na ujumbe umo kwenye kupinduka kwenyewe. Kila nusu ya mpinduko ikichukua mikrosekunde 58, dikoda inasoma 1. Ikichukua 100 au zaidi, inasoma 0. Biti hizo zikipangwa zinakuwa pakiti: kwanza mfululizo wa 1 wa kuamsha wasikilizaji, kisha namba ya kichwa kinachoitwa, kisha amri, na mwisho baiti ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani.

Kwa hiyo kila dikoda mezani inasikia kila neno, na inatii pale tu inapotajwa. Ukiita "Juma!" kwenye baraza lenye akina Juma wawili, watageuka wote wawili. Simu yako inaita 3.

Dawa ni kumpa Juma mmoja jina jingine, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu bodi yako ina njia mbili za kutokea umeme. Njia A ni ya reli kuu, ile ya kuendeshea. Njia B ni ya reli ya kupangia: kipande kifupi tu, sentimita 30 zinatosha, kisichogusana na reli kuu hata kwa kiungio kimoja. Nashuku ulikuwa unasoma namba huku vichwa vikiwa kwenye reli kuu, au hukuwa na reli ya kupangia kabisa. Amri ya kusoma hutoka kwenye njia B. Kama hapo hakuna kichwa, hakuna wa kujibu, na -1 maana yake ni hiyo tu: nimeuliza, sikujibiwa.

Kwenye reli ya kupangia weka kichwa KIMOJA. Narudia, kimoja. Reli hiyo haiangalii majina; chochote kilicho juu yake kinapokea kinachoandikwa. Ukiweka vyote viwili, utavipa vyote jina jipya kwa pamoja na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Unganisha Mega na kompyuta kwa USB, fungua dirisha la ujumbe la programu ya Arduino, weka kasi 115200. Andika <1> kuwasha umeme, halafu <R>. Kichwa kikijibu utaona <r 3>. Sasa kipe namba mpya, kwa mfano <W 18>, na jibu likiwa <w 18> kazi imekwisha. Kirudishe reli kuu, kichague kwa namba 18 kwenye simu, na kile kingine kiachie 3 yake kama hupendi usumbufu. Engine Driver nayo, ile programu ya Android, ina ukurasa wa DCC-EX unaofanya mambo hayo hayo, lakini mara ya kwanza tumia kompyuta ili uone majibu kwa macho yako.

Ikiwa bado unapata -1 hata kichwa kikiwa mahali pake, kumbuka jinsi dikoda inavyojibu. Haina redio wala sauti. Inachofanya ni kushtua mota kidogo ili ivute umeme wa ziada, angalau miliampea 60 kwa muda wa milisekunde sita hivi, na kidhibiti kinauona mshtuko huo. Utaona kichwa kikitetemeka. Hilo ndilo jibu lake. Magurudumu yakiwa machafu, mshtuko haufiki. Kama waya wa mota umelegea, hakuna mshtuko kabisa. Na mota za kisasa zinazovuta umeme kidogo zinaweza kutoa mshtuko hafifu usiotambulika. Hapo andika <D ACK LIMIT 30> ili kidhibiti kikubali mshtuko mdogo, kisha jaribu tena. Lakini anza na usafi. Wewe uko pwani, na hewa ya chumvi haina huruma na chuma chembamba. Pamba na spiriti juu ya reli na kwenye magurudumu. Msasa usiuguse, unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya ndani ya wiki.

Namba inaweza kuwa na maana pia. Mimi napenda kichwa kiitwe kwa namba yake halisi iliyochorwa ubavuni, na hapa Afrika Mashariki kuna moja isiyosahaulika: 5918, Mount Gelai, mmoja wa Garratt 34, injini kubwa za mvuke, wa daraja la 59 waliotengenezwa na Beyer Peacock mjini Manchester miaka ya 1955 na 1956, wote wakapewa majina ya milima. Leo yuko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Hakuna anayekukataza kumpa Mjerumani wako namba hiyo. Amri ni <W 5918> na DCC-EX inamaliza yenyewe, ila ni vizuri ujue inachofanya chini kwa chini, maana siku moja utashika kidhibiti kisichokusaidia.

Namba za 1 hadi 127 ni fupi na hukaa kwenye kisanduku cha kumbukumbu kiitwacho CV1. Kubwa zaidi ya hapo ni ndefu, haiingii kwenye baiti moja, kwa hiyo hugawanywa CV17 na CV18. Gawanya 5918 kwa 256: unapata 23 na baki 30. Kwenye 23 ongeza 192, unapata 215, hiyo ni CV17. Baki, 30, ni CV18. Kisha lazima uiambie dikoda iache CV1 na itumie namba ndefu, na hilo linafanyika CV29. CV29 ni jumla ya swichi: 1 hugeuza mbele kuwa nyuma, 2 huruhusu hatua za mwendo 28 au 128, 4 huruhusu kichwa kutembea pia kwenye reli ya mfumo wa zamani, 32 huwasha namba ndefu. Ukitaka hatua nyingi na namba ndefu, ni 2 na 32, yaani 34. Ukikuta kichwa kinakwenda kinyume na pua yake, 35. Ile 4 mimi huiacha kabisa. Dikoda yenye ruhusa hiyo ikichanganywa na umeme wenye kasoro inaweza kudhani iko kwenye reli ya zamani na kuondoka kwa kasi yote, na meza yako ina mita mbili na nusu tu kabla ya sakafu.

Kwa urefu huo wa meza punguza pia mwendo wa juu, CV5. Jaribu 120, karibu nusu ya upeo wake. CV3 ni namna kichwa kinavyoongeza mwendo taratibu, CV4 ni namna kinavyoupunguza. Kwa hizi si lazima urudi reli ya kupangia; unaweza kuzibadilisha kichwa kikiwa kinatembea. Kwa w ndogo, <w 18 5 120> maana yake: wewe namba 18, kwenye CV5 andika 120. Hutapata jibu, utaona matokeo. Usiweke CV4 kubwa kama kuna watoto wanaoendesha. Mtoto anazima mwendo, treni inaendelea kuteleza kwa madaha kama inavyoingia stesheni ya kweli, naye anadhani imegoma. Wafundishe <!>, au kitufe cha dharura kwenye simu, kabla ya kitu kingine chochote. Na ukiharibu yote, dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 kwenye CV8. Utakuwa umerudi namba 3, lakini sasa unajua la kufanya.

Sasa sehemu ya kwanza ya waya, nayo ni adapta. Bodi nyingi za mota za namna yako zinapeleka umeme wa treni moja kwa moja mpaka kwenye Mega kupitia pini ya Vin. Mega inapenda volti 7 hadi 12. Volti 19 haitaiua papo hapo, ila kirekebisha volti chake kitachemka kila siku mpaka siku ya siku. Geuza bodi ya mota utazame chini yake, tafuta kiungo kilichoandikwa Vin Connect, ukikate kwa kisu chenye ncha, na Mega ipate umeme wake kwa USB. Fanya hilo kabla ya jambo jingine lolote kwenye barua hii. Kwa treni zenyewe, 19 ni nyingi kuliko mahitaji ya HO. Bodi yenye chipu ya L298 hula kama volti mbili, kwa hiyo adapta ya volti 15 hadi 16, ampea tatu, ingekutosha na dikoda zingebaki baridi. Chipu hiyo hiyo inabeba ampea mbili tu kwa njia moja: vichwa viwili au vitatu bila shida, kumi hapana.

Kuna jambo hukulitaja, nami nalitaja kwa tahadhari. Kaka yako akitaka kukuletea kingine, mwambie akiepuke cha Märklin kilichotengenezwa kwa reli zao za njia tatu, hata kama ni HO. Magurudumu yake hayatenganishwi kwa umeme, kwa hiyo kikigusa reli zako ni shoti ya papo kwa papo. Na sanduku lililoandikwa kwamba kichwa kiko tayari kwa DCC mara nyingi lina tundu tu. Dikoda inauzwa peke yake.

Mwisho, mkunjo wako. Fuata reli ya kulia kwa kidole kutoka unapoingia kwenye mkunjo mpaka unapotoka: utakuta kidole kimefika kwenye reli ya kushoto. Umegusanisha waya zako mbili kwa mkono wako mwenyewe, na kidhibiti kimefanya vizuri kukata. Kata reli ZOTE MBILI kwenye maingilio na kwenye matokeo ya mkunjo, pachika viungio vya plastiki, na sehemu iliyo katikati iwe ndefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Halafu nunua kibao cha elektroniki kinachogeuza umeme chenyewe, na umeme wa sehemu hiyo upitie humo. Treni ikivuka pengo, kibao kinahisi shoti, kinageuza waya kabla kidhibiti hakijashtuka, na kichwa kinaendelea bila kusita, kwa kuwa kwenye DCC mbele ni pua ya kichwa. Chanya na hasi ya reli haiamui.

Ukishafunga kila kitu, washa umeme bila treni, chukua sarafu uilaze juu ya reli zote mbili, hapa na pale, kila nusu mita na kila baada ya kiungio. Kila mahali kidhibiti lazima kikate mara moja. Kikisita mahali fulani, umeme unafika hapo kwa tabu: leta jozi nyingine ya waya kutoka chini ya meza, uilehemu kwenye reli, ujaribu tena. Meza yako ni fupi, jozi tatu zinatosha. Usiache sarafu imelala. Mimi dikoda yangu ya kwanza niliiunguza kwa uzembe wa aina hiyo, waya wa mota ukigusa fremu wakati nimekwenda kupokea simu.