Barua kwa mwanangu: ile "yaishe" yangu

Mwanangu, jana kwa simu uliniuliza mbona huko Ujerumani wana neno lao la kukubali kosa, zugeben, na sisi tuko na "kubali" tu, ukikubali chai ni kubali, ukikubali ni wewe ulivunja kikombe pia ni kubali. Nimelala nikiwaza hiyo maneno, sai niko kwa matatu Jogoo Road, magari hayasongi, wacha nikuandikie.

Ulinieleza ndani ya zugeben kuna geben, kutoa, na kwa einräumen kuna Raum, nafasi, yaani unampisha mwenzako. Nimeipenda sana hiyo. Admit ya Kiingereza nayo ilitoka Kilatini, kuruhusu kitu kiingie, ndo maana hata mgonjwa anaadmitiwa wodi. Yetu kubali ni ya Waarabu, kwao ni kupokea. Na si kweli tuko na moja tu, kuna kukiri, hiyo utaisikia sana kortini, mshtakiwa amekiri mashtaka, halafu kuna kuungama ya kanisani.

Lakini ile inanigusa ni ya shosho yako. Kwa Kikuyu kukubali ni gwĩtĩkĩra, na hiyo imetoka kwa gwĩtĩka, kuitika, ile ile yetu ya Kiswahili ya mtu akikuita unasema "bee". Yaani kosa linakuita kwa jina na wewe unaitika, hujifichi nyuma ya mlango. Mimi naona hapo shosho ametushinda wote, Wajerumani na Waarabu.

Sasa kuna hii ingine yetu, kubali yaishe. Hiyo mimi siiamini. Inamaliza kelele lakini hakuna mtu amesema nani alikosa, ni kama kufunika sufuria na ugali imeungua chini. Na mimi ndio nilikupea hiyo. Ulipoacha uhasibu ukaenda kusoma Kijerumani nilikuambia umepotea, nikakaa miezi bila kukupigia, halafu ulipopata kazi nikasema tu "haya basi, yaishe" na wewe kwa heshima ukanyamaza.

Hiyo haikuwa kukiri, mama. Uliniita miaka hiyo yote sikuitika. Sai naitika: ulikuwa sawa, mimi ndio nilikosea.